Karama, Majivuno na Mabati Mawili

Nimeisoma Kusadikika ya Shaaban Robert mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa shuleni, kwa ajili ya mtihani. Mara ya pili nilikuwa mtu mzima anayetafuta kitabu chembamba cha kusoma kwenye basi. Mara ya tatu nilikuwa nimetoka kumzika shangazi yangu, na safari hiyo ndipo nilipogombana nacho.

Wengi mnakijua kisa. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha uanasheria, elimu inayodaiwa kuwa hatari kwa serikali. Anaomba nafasi ya kujitetea, anapewa. Kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande mbalimbali kuitafutia nchi yao mema, kisha wakalipwa adhabu. Mwishowe Karama anatoka huru. Kitabu kilichapishwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, na wasomaji wengi wamekiona kuwa lalamiko dhidi ya ukoloni lililovikwa nguo za hekaya. Sina ugomvi na usomaji huo. Ninachotaka kukizungumzia ni kidogo zaidi: namna Karama anavyojibu.

Anajibu vizuri mno. Hamtukani Majivuno. Hasemi kwamba waziri ana wivu wala hasimulii ya nyumbani kwake. Hata habari zake mwenyewe anazisema kwa uchache. Anaitoa kesi kwenye jina lake na kuiweka kwenye jambo lenyewe, yaani nchi inawatendeaje watu wanaoitumikia. Katika siasa za kwetu za vijijini, ambako hoja ya kisima huishia kuwa hoja ya ukoo wa fulani, somo hilo lina thamani kubwa.

Sasa nimlete shangazi. Alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji chetu, pwani ya Tanga, katika uchaguzi wa mwaka 2009. Kijiji kilikuwa kinajenga zahanati. Mabati 40 yakaletwa kabla kuta hazijafika kwenye linta, na kwa kuwa ghala la kijiji halikuwa na mlango, yakawekwa nyumbani kwetu, yakaegeshwa kwenye ukuta wa uani. Haikupita miezi miwili, neno likaanza kutembea: mwenyekiti amekula mabati.

Hapa ndipo ninapomwonea wivu Karama. Yeye alikuwa na Majivuno. Mshtaki wake ana jina, ana kiti na ana mashtaka yanayosomwa mbele ya watu. Shangazi alikuwa na "wanasema". Akienda kisimani, wanasema. Akipita gengeni, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya dagaa. Uvumi hauna uso wa kuutazama, na methali zetu zenyewe zinaupa nguvu: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa methali hiyo, mtu anayesemwa hana siku ya kushinda. Asipokuwa mwizi leo, atakuwa kesho.

Jirani mmoja alimshauri ajibu kwa kanga. Alikuwa nayo tayari, yenye jina la kuwaumbua wambea, akamwambia aivae siku ya mkutano. Naujua utamu wa silaha hiyo, maana unamchoma mtu bila kufungua kinywa, na akilalamika amejitaja mwenyewe. Shangazi akasema kanga ni ya ugomvi wa uani, na mabati ni ya kijiji. Akavaa ya maua matupu.

Mkutano mkuu ulifanyika chini ya mwembe wa shule. Mtendaji alipomaliza kusoma mapato na matumizi, shangazi akasimama na kusema, bila kuulizwa: "Kuna maneno kuhusu mabati. Mabati yako kwangu. Chagueni watu watano, wasiwe ndugu zangu, wakahesabu sasa hivi, sisi tunasubiri."

Wakaenda. Wakarudi baada ya kitambo na kusema ni 38.

Mawili nilikuwa nimeyachukua mimi. Banda la kuku lilikuwa linavuja, mabati yalikuwa palepale, nikajiambia kwamba zahanati haitasimama mwaka huo. Shangazi hakuwa akijua hadi usiku wa kuamkia mkutano, alipoyahesabu mwenyewe kisha akatazama juu ya banda. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu kama kuna jingine. Nikasema hakuna.

Mbele ya watu alisema hivi: "Mawili hayapo. Yalikuwa mikononi mwangu, nitayalipa kabla ya mwisho wa mwezi." Hakulitaja jina langu. Nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka alipo, na nikanyamaza. Mzee mmoja akauliza nani kayachukua. Akajibu, "Baba, mliyakabidhi kwangu, hamkuyakabidhi kwa mwingine."

Basi ugomvi wangu na Kusadikika ni huu. Karama ni safi kama jina lake, na Majivuno ni mbaya kama jina lake. Msomaji hana kazi ya kupima. Shaaban Robert aliandika kwa mtindo wa majina yanayobeba tabia, na mtindo huo una nguvu zake, lakini unatufundisha kujibu lawama za uongo tu. Lawama nyingi za kijijini haziko hivyo. Zinasema 40 na ukweli ni 2. Mwenye kusemwa anashawishika kuzishika zile 38 na kupiga nazo kelele: mmenizulia, mmenichafua, nileteeni mwenye ushahidi! Na asingekuwa mwongo. Lakini yale mawili yangebaki juu ya banda la kuku, na kila anayepita angeyaona.

Kuna tofauti nyingine. Karama akishajibu, anasadikiwa, na hadithi inaisha. Shangazi alilipa mabati mawili ndani ya mwezi, risiti ikabandikwa ofisi ya kijiji, na uchaguzi wa mwaka 2014 akashindwa. Wapo waliosema, kama alikiri mawili, ameficha mangapi? Jibu la heshima halikumrudishia kiti. Lilichofanya ni kwamba baada ya siku ile mabati hayakuhifadhiwa tena nyumbani kwa mtu. Ghala lilitiwa mlango na kufuli yenye funguo mbili, mmoja kwa mtendaji, mmoja kwa mjumbe.

Bado nakipenda kitabu hiki, na ningependa kila diwani na kila mwenyekiti akisome kabla ya kuchukua fomu. Karama anaonyesha namna ya kusimama mbele ya mshtaki bila kumrudishia tusi. Ila akimaliza kusoma, ajiulize swali ambalo Karama hakulazimika kujiuliza: katika hili ninalosemwa, mawili yangu ni yapi?

Siku ya maziko yule mzee wa mkutanoni alikuwepo. Nilimfuata baada ya dua, nikamwambia aliyechukua mabati nilikuwa mimi. Akanitazama kidogo. "Tulijua," akasema. "Banda lenu lilikuwa linang'aa."