Kitabu Kilichoirudisha Akili

Mwaka 1913 Mwamerika John Watson alifundisha kwamba elimu ya nafsi ichunguze matendo yanayoonekana tu. Wengi wakamfuata miaka mingi, wakapima panya na njiwa, mawazo ya mtu wakayaacha mlangoni.

Hapo ndipo tunapoona faida ya kitabu cha Ulric Neisser, «Cognitive Psychology», kilichotoka mwaka 1967 na kuieneza elimu mpya kwa jina hilo. Neisser auliza: mtu hupokeaje habari kwa macho na masikio, huitunzaje, huitumiaje? Ndiyo maswali ya kila mwalimu mbele ya watoto wake.

Lakini, wasomaji wapendwa, kitabu kina upungufu. Chaifananisha akili na kazi ya kompyuta, na majaribio yake mengi ni ya herufi na sauti katika chumba cha wataalamu. Mama akumbukaye madeni ya sokoni hamo.

Neisser mwenyewe aliliona jambo hilo. Mwaka 1976 aliandika kitabu kingine, akawahimiza wenzake watazame maisha yenyewe. Chombo cha angani Challenger kilipolipuka mwaka 1986, kesho yake yeye na mwenzake waliwauliza wanafunzi walipataje habari ile. Zaidi ya miaka miwili baadaye, kati ya 44 waliojibu tena, 11 walikosea yote, na wengi walikosea huku wana hakika.

Basi kitabu cha kwanza kisisomwe peke yake. Na shahidi akikosea, tusimwite mwongo upesi. Wala tusimhukumu jirani kwa kumbukumbu ya mtu mmoja.