Chungu Kikigongwa Hujibu

Mfinyanzi hodari hakisifu chungu kikiwa bado na majivu. Hukiacha kipoe, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kikilia kwa mlio safi, kimeiva. Kikitoa sauti ya kukwaruza, kina ufa, hata kama jicho halijauona. Doa la moshi ubavuni si kasoro kubwa (mimi hulipenda), lakini ufa hauna msamaha.

Pongezi zangu kwa wafinyanzi wa Bukoba na Muleba ni kwa hilo: kukisikiliza kilichoharibika na kujiuliza sababu. Je, udongo ulikuwa na kokoto? Chungu kiliingia motoni kibichi, maana mvua za huku hazikupi siku nyingi za kuanika? Au moto uliharakishwa?

Maswali hayo ni ya kale. Huko Katuruka, Bukoba, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya kazi za wafua chuma wa miaka ipatayo 2,000 iliyopita, pamoja na vyungu vya aina ya Urewe, ambavyo vingine vina kibonyeo kitakoni, kama vile mtu amekandamiza kidole gumba.

Ukikuta chungu sokoni, kigonge kwanza. Kikilia vizuri, lipa bila kuomba punguzo.