Mkono wa Mshipi

Kipupwe kikiingia, sisi wa Ubungo tunakijua kwa makoti ya vijana wa bodaboda pale Riverside na kwa meza za wachuuzi zinazopungukiwa changu. Wilaya yetu ilipomegwa kutoka Kinondoni haikupata hata hatua moja ya ufuko. Bahari ilibaki kwa wenzetu wa Msasani, Kunduchi na Mbweni, nasi tukabakiwa na barabara kuu. Labda ndiyo maana imekuwa rahisi kwetu kuishi kana kwamba samaki huzaliwa sokoni Feri.

Mvuvi wa mshipi hujulikana msimu huu. Wakati wa kaskazi maji huwa shwari na ya vuguvugu, na hata asiye fundi hakosi kitoweo. Kati ya Juni na Agosti kusi hukaza, bahari huchafuka, na anayetoka na ngarawa inambidi ajue saa yake. Huondoka alfajiri, pepo za umande zikiwa bado zinavuma kutoka bara, na hurudi kabla kusi haijapanda mchana. Safu ya Mbudya, Pangavini na Bongoyo humvunjia mawimbi. Maji yanayozunguka visiwa hivyo ni hifadhi tangu 1975, basi yeye hutia nanga nje ya mipaka, kwenye miamba midogo isiyo na jina katika ramani yoyote. Tena huchagua siku za maji mafu, maana wakati wa bamvua mkondo huichukua chubwi isifike chini.

Nimeketi na mzee mmoja wa Kunduchi katika kazi hiyo, na kilichonishika ni mkono wake wa kuume. Mshipi huupitisha juu ya kidole cha shahada, hauzungushi mkononi kamwe. Chubwi ikigusa mwamba huinyanyua pima moja, isije ndoana ikanasa. Chambo ni ngisi, amekatwa vipande virefu vyembamba, na ncha ya ndoana haionekani. Baada ya hapo hufanya kitu ambacho wengi wetu tumekisahau: hutulia. Changu hudokoa, huacha, hurudi. Asiye na subira huvuta kwenye mdoko wa kwanza akapandisha ndoana tupu. Chewa hana mchezo huo. Humeza na kurudi pangoni papo hapo, na mvuvi asipomnyanyua kufumba na kufumbua, samaki hutanua mashavu akajikaza kwenye jabali mpaka mshipi ukatike. Yote hayo yanatokea gizani, pima nyingi chini, na mzee anayaona kwa kidole. Kuna wakati aliniambia, bila kugeuza shingo, “Huyo changu, mwanangu, ila hana njaa.” Akangoja. Akapanda changu.

Baridi ya alfajiri hufanya vidole vife ganzi, na kidole kilichokufa ganzi hakisikii kitu. Mzee huuchovya mkono baharini kidogo, kwa kuwa maji ya kipupwe, hata yakishuka hadi nyuzi 25 au 26, yana joto kuliko upepo wa saa hiyo. Sijui ni vizazi vingapi vimepita hadi jambo dogo kama hilo likawa desturi.

Na mwamba wenyewe anaupataje, ilhali juu ni maji matupu? Hupanga vitu vya nchi kavu. Kichwa cha mbuyu kikae sawasawa juu ya pembe ya paa fulani, na upande wa pili ncha ya kisiwa iguse mvinje mrefu. Mistari hiyo miwili inapokutana ndipo nanga hushushwa. Aliachiwa mistari hiyo na baba yake. Sasa mvinje umekatwa kupisha ukuta, na mbuyu umefichwa na ghorofa. Mwamba upo palepale, samaki huenda wapo, lakini njia yake imefungwa kutoka nchi kavu, na aliyeifunga hakujua kama kuna njia. Vijana wana simu zenye ramani, nami sina ugomvi nazo. Lakini simu humrudisha mtu mahali ambapo mwingine alimpeleka kwanza, na wa kuwapeleka wanapungua.

Kisha kuna baruti, iliyopigwa katika maji haya kwa miongo mingi. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inaikataza, na doria za miaka ya karibuni zimepunguza milipuko. Nashukuru. Ila matumbawe hayaharakishwi kwa doria. Joto la bahari la 1998 liliyaua mengi, na mengine yakachipua tena. Yaliyovunjwa kwa baruti yamekuwa kifusi kinachobingirika kila wimbi linapopita, na chipukizi halipati pa kushika.

Mama zetu hawakuhitaji mkaguzi kumjua samaki wa baruti. Walimbonyeza ubavuni: nyama imelegea. Wakimpasua, uti umevunjika na damu imevilia tumboni. Walimrudisha kwa mchuuzi, tena kwa maneno. Siku hizi Ubungo tunanunua samaki amekwisha kukaangwa, ameiva kahawia, na swali letu ni bei tu.

Tuliporudi pwani, changu wa mzee walikuwa wachache, wagumu, macho yanang’aa. Dalali aliwamwaga katika fungu moja na samaki wa kokoro, walioburutwa mchangani mpaka magamba yakatoka, akainadi bei moja kwa fungu zima. Mchuuzi aliyelinunua alikuwa akirudi Manzese, huku kwetu Ubungo. Nilimwuliza kama wateja wake huulizia samaki wa mshipi. Akanitazama kwa upole, akasema hajawahi kuulizwa.