Ngazi Tatu Kando ya Jiko

Katika sekta ya Butare, wilaya ya Rusizi, shamba huanza mlangoni na kuteremka. (Huu si ule mji wa Butare wa kusini mwa Rwanda, makao ya wilaya ya Huye.) Mvua za upande huu wa msitu wa Nyungwe ni nyingi, na zikipiga mteremko mtupu huondoka na udongo wa juu. Unaobaki mara nyingi una tindikali. Pale pH inaposhuka chini ya 5.5 hivi, aluminiamu iliyomo ardhini huanza kuyeyuka. Mizizi hudumaa, na fosforasi hushikwa mahali mmea usipoweza kuifikia. Chai huvumilia hali hiyo. Kitunguu na bitiruti hushindwa.

Hapo ndipo ufundi wa akarima k'igikoni, bustani ya jikoni, unapostahili kutazamwa kwa makini. Serikali ya Rwanda iliieneza nchi nzima kama silaha dhidi ya utapiamlo. Iliingizwa kwenye imihigo, ahadi za utendaji ambazo viongozi hupimwa nazo, na majirani wakazijenga pamoja siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umbo lililozoeleka ni duara la ngazi mbili au tatu, kila ngazi ikiwa nyembamba kuliko iliyo chini yake, na kingo zake zikizuiwa kwa mawe au fito.

Husemwa sana kwamba ngazi huongeza nafasi ya kupanda. Hesabu inadai sharti. Chukua ngazi tatu zenye nusu kipenyo cha mita 1, sentimita 70 na sentimita 40, kila moja ikiwa na kimo cha sentimita 30. Ukizitazama kutoka juu, eneo ni mita za mraba 3.14, sawasawa na duara lililo bapa. Faida imo ubavuni: kuta hizo tatu zinaongeza karibu mita za mraba 4, ila tu zikiwa za fito na nyasi, ambamo mche unaweza kupenyezwa. Aliyejenga kwa mawe yaliyobanana hapati nyongeza hiyo. Anapata ukuta unaodumu.

Faida kubwa zaidi ni kina. Bustani hiyo inameza zaidi ya mita 1.5 za ujazo za udongo, na udongo huo mwenye nyumba huuchagua mwenyewe. Anachanganya udongo wa juu na samadi iliyooza, kisha majivu kidogo ya jikoni, ambayo hupunguza tindikali. Mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006 kwa kugawia familia maskini ng'ombe, ulisogeza samadi karibu na nyumba nyingi. Karoti inapata udongo laini wa kushukia, na maji ya mvua ya masika hupita bila kutuama kwenye mizizi.

Kazi hii ina udhaifu wake, nao usifichwe. Bustani iliyoinuliwa hukauka haraka kuliko ardhi ya kawaida, na kuanzia Juni hadi Agosti mvua hupungua sana. Ndiyo maana ukaribu na jiko ni sehemu ya ufundi wenyewe: maji yaliyooshea mboga humwagwa pale pale, na matandazo ya majani makavu ya migomba huzuia jua. Iliyojengwa mbali ili mkaguzi aione kutoka barabarani imekwisha kupoteza msaada huo.

Takwimu za afya zinaonyesha kwa nini juhudi hii ni ya thamani. Mwaka 2010, watoto 44 kati ya kila 100 wa Rwanda walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Katika utafiti wa 2019 na 2020 walikuwa 33. Bustani haiwezi kudai ushindi huo peke yake, kwa maana chanjo, maji safi na kipato vyote vimo. Mchango wake ni chakula cha kila siku. Dodo, yaani mchicha, huwa tayari kuchumwa baada ya wiki chache, na ukikata shina badala ya kuling'oa, huchipua tena. Majani hayo yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, nayo hufyonzwa vizuri zaidi penye mafuta. Kijiko kimoja cha mafuta ya mawese sufuriani ni sehemu ya kilimo hiki sawa na samadi.