Subaru na Injini Iliyolala Ubavu

Kampuni ya Nakajima iliunda ndege za kivita. Japani iliposhindwa vita mwaka 1945 ikapigwa marufuku kuunda ndege, na mafundi wa Nakajima wakageukia skuta iliyoitwa Rabbit. Mwaka 1953, kutoka masalia ya Nakajima, ikazaliwa Fuji Heavy Industries, na 1958 ikatoa Subaru 360, kigari kidogo cha watu wanne.

Mimi pongezi zangu naziweka kwenye injini ya Subaru ya 1966. Pistoni zake zimelala ubavu, mbili kushoto na mbili kulia. Uzito unakaa chini, na gari linakata kona bila kuyumba. Mwaka 1972 Subaru aina ya Leone ikaongezewa mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne. Ndiyo maana dereva Mkenya Patrick Njiru alipolikimbiza Subaru kwenye vumbi na matope ya mashindano ya Safari Rally, Wakenya walilipenda, na hawajaliacha.

Wenye nalo hawafichi kasoro. Linakunywa mafuta, gasketi za injini za zamani za lita 2.5 zilivuja, na kubadilisha plagi kunataka fundi mwenye mkono mwembamba. (Watakueleza hayo huku wakilipangusa.) Ukinunua lililotumika, kagua kwanza maji ya rejeta na oili. Likiwa zima, lichukue.