Kicheko Kilichomwangukia Mwanafunzi

Uamuzi alioufanya mwalimu wa somo la mfano la hesabu, siku ile tulipokaa nyuma ya darasa la tano na madaftari yetu magotini, ulikuwa kosa la ufundi, wala haukuwa jambo dogo la ulimi kuteleza. Nami nalisema mapema kwa sababu katika kikao cha tathmini kilichofuata walisimama watu wenye vyeti na miaka mingi kazini, wengine wao walimu ninaowastahi sana, wakalisifu tendo lile kuwa ndilo lililolichangamsha darasa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Ubaoni paliandikwa 1/2 + 1/3, asili zikiwa mbalimbali kwa makusudi, maana muradi wa somo ulikuwa kuwafikisha watoto kwenye kigawe kidogo cha shirika (KDS). Mtoto mmoja wa upande wa dirishani alinyosha mkono kabla ya wenzake wote, akasimama kama ilivyo ada, akajibu kwa sauti ya kusikika: "Mbili kwa tano, mwalimu." Alikuwa amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kosa ambalo kila aliyepata kufundisha sehemu hulingojea, na ambalo mwalimu mwenye andalio zuri huwa amekwisha kuliandalia jawabu tangu usiku wa kuamkia somo. Mwalimu akaiweka chaki chini, akaligeukia darasa, akasema: "Mpigieni makofi mhasibu wetu! Huyu mkimtuma dukani, chenji msiitegemee."

Darasa likaangua kicheko. Mtoto naye akacheka, na kicheko chake hicho ndicho kilichowahadaa watathmini. Maana anayecheka kwa furaha huendelea kumtazama aliyemchekesha, ilhali huyu alicheka macho yake yakiwa juu ya dawati, akaketi, akaifunika kalamu yake kifuniko, na asiifunue tena mpaka kengele ilipolia. Swali la pili, nusu jumlisha robo, lilikuwa jepesi kuliko la kwanza, wala halikupata mkono hata mmoja. Mwalimu akadhani ni gumu, akalijibu mwenyewe ubaoni, akaendelea mbele. Lakini swali halikuwa gumu. Watoto walikuwa wamekwisha kupiga hesabu nyingine, ya gharama ya kunyosha mkono, wakaipata sawasawa.

Linalonisikitisha kuliko yote ni kwamba mzaha mwema ulikuwa pale pale ubaoni, umekamilika, unangoja kuokotwa. Mbili kwa tano ni chache kuliko nusu! Mtu aliyekuwa na nusu ya mkate, akapewa theluthi juu yake, akatazama mikononi mwake akakuta mkate umepungua: hebu mwalimu angeuliza tu, kwa uso mkavu na bila kumtaja mtoto yeyote, huo mkate ulioliwa ukiongezwa ameula nani. Darasa lingecheka vile vile, pengine zaidi, na kicheko hicho kingekuwa ni hesabu yenyewe inayofanya kazi, kwa kuwa mtoto hawezi kulicheka jambo hilo pasipo kwanza kulinganisha mbili kwa tano na nusu, na akilinganisha amekwisha kuona kwamba jawabu haliwezekani. Kutoka hapo hadi tatu kwa sita jumlisha mbili kwa sita ni hatua moja. Na aliyejibu angekuwa ndiye aliyelipatia darasa kituko chao kizuri, badala ya kuwa yeye kituko.

Waliobobea katika elimu ya nafsi wamelipima jambo hili zamani. Mwaka 1977 Kaplan na Pascoe, huko Marekani, waliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu mihadhara yenye mizaha na isiyo na mizaha, wakawapima papo hapo na baada ya wiki 6, wakaona kwamba mzaha kwa ujumla wake haukuongeza ufahamu wa somo, isipokuwa yale mambo ambayo mfano wake wenyewe ulikuwa wa kuchekesha yalikumbukwa vizuri zaidi. Naye Avner Ziv wa Israeli, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1988, alipata natija njema katika somo la takwimu, lakini tazameni masharti yake: mzaha uwe wa jambo linalofundishwa, uwe wa kiasi, na ukiisha kuchekesha mwalimu atulie, kisha alieleze tena jambo hilo kwa maneno ya kawaida. Mwalimu wetu alivunja sharti la kwanza na la mwisho kwa sentensi mbili.

Walakini hatukuwa na haja ya kungojea utafiti wa ng'ambo. Watu wetu walikuwa na kanuni ya utani, na kanuni yake kuu ni kwamba anayetaniwa ana haki ya kujibu. Mngoni humtania Mhehe, naye Mhehe humrudishia, tena hata msibani; babu humtania mjukuu, na mjukuu, kwa udogo wake wote, humjibu babu asiitwe mtovu wa adabu. Je, mtoto wa darasa la tano angemjibuje mwalimu wake mbele ya wageni waliojaa nyuma ya darasa? Pasipo haki ya kujibu hapana utani, pana stihizai, na stihizai haifundishi sehemu.

Kadhalika kitendawili. Nimelisema hili katika safu hii mara nyingi na nitalisema tena maadamu mitaala inaendelea kuviorodhesha vitendawili pamoja na majibu yake ili vikaririwe kwa ajili ya mtihani: tunu ya kitendawili haimo katika jibu, imo katika namna mchezo unavyolichukua kosa. Asiyejua hudaiwa mji, naye hutoa mji, mwenye kutega huupokea kwa mbwembwe, huusifu, kisha hufumbua, na hapo hapo mwingine hudakia "Kitendawili!" na wote huitikia "Tega!" Kutojua kumelipiwa kwa mali ya kuwaziwa, heshima ya mtu imebaki mahali pake, na kiu ya kujaribu tena imezidi. Ndicho chombo alichokihitaji mwalimu yule dakika ile, tena mtoto yeyote wa darasani angekielewa bila kuelezwa.

Wakongwe walikijua kipimo hiki cha mzaha usiomvunjia mnyonge heshima. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki yapata mwaka 869, mwandishi wa Kitabu cha Mabahili, aliichanganya mizaha na hoja nzito katika kitabu chake kikubwa juu ya wanyama, akaeleza wazi kwamba anafanya hivyo ili msomaji asichoke. Hakuufanya ujinga wa msomaji kuwa ndio mzaha. Abunuwasi wa hekaya zetu alipomrudishia jirani sufuria pamoja na kijisufuria, akasema imezaa, na baadaye akamwambia kwamba ile aliyoiazima tena imekufa, alifundisha somo zima la mantiki, kwamba aliyekubali dai la kwanza kwa tamaa hawezi kulikataa la pili kwa hasira. Na aliyefedheheka pale alikuwa mwenye tamaa, hakuwa mnyonge. Na katika zama za televisheni, Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi cha Kenya, aliyetutoka mwaka 2015, alilichekesha taifa kwa kujitia ujanja mbele ya Mama Kayai na aghalabu kuumbuka yeye mwenyewe. Ukiwaweka mastadi hawa kando ya walimu vijana wanaopanda jukwaani siku hizi na kejeli mfukoni, tofauti ya ufundi haihitaji darubini.

Wala hesabu si somo pekee lenye hazina ya mzaha ndani yake. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha utata akiandika "Asha alimpigia Juma mpira" amekwisha kupata kicheko chake, kwa kuwa sentensi moja inampelekea Juma pasi, inamchezea Juma kwa niaba yake, na inamwadhibu Juma kwa sababu ya mpira, na kila anayecheka ameelewa kauli ya kutendea. Mwalimu wa jiografia ana ramani za zama zilizopita zilizojazwa majitu ya kubuni mahali ambapo mchoraji hakujua pana nini. Acheke nazo, kisha aulize tunajuaje kilichopo.

Yaliyobaki ya somo lile yalikuwa mazuri: ubao ulipangika, zana za makaratasi yaliyokunjwa zilionekana hata kwa sisi wa nyuma, na zoezi la mwisho lilipanda kwa ngazi.

Lawama yangu, kwa hiyo, siielekezi kwa mwalimu peke yake. Fomu ya ukaguzi tuliyopewa ina kisanduku cha "darasa changamfu", na mwandamani wangu wa kushoto alikitia alama ya vema pale pale kicheko kilipolipuka, kabla mtoto hajaketi. Semina nazo, ambazo nimezilaumu tangu zilipoanza kugawa karatasi za vichekesho vya kufungulia kipindi, vichekesho vya mgonjwa na daktari visivyo na uhusiano wowote na somo la siku hiyo, zimewazoesha walimu kudhani kwamba kelele ya furaha ndiyo ushahidi wa kujifunza. Kisanduku hicho kifutwe. Mahali pake ziwekwe nafasi mbili: ya kwanza iandikwe kicheko kilimwangukia nani au nini, na ya pili iandikwe ni mikono mingapi iliyonyoshwa kwa swali la kwanza baada ya kicheko. Na kabla ya somo la mfano la muhula ujao, mwalimu yule arudi katika darasa lile lile bila wageni, aiandike tena 1/2 + 1/3, aligawe boflo halisi mbele ya watoto, na amwombe mtoto yule wa dirishani ndiye alikate.