Maiti kwenye Kioo: Tamthilia za Uchunguzi wa Jinai na Mtazamaji Kijana

1. Utangulizi

Swali la kama tamthilia za televisheni zinazohusu uchunguzi wa kisayansi wa jinai zinawafaa vijana huulizwa mara kwa mara, na mara nyingi hujibiwa kwa kupima wingi wa damu. Mzazi huona maiti iliyopasuliwa kifua juu ya meza, huzima televisheni, na mjadala hufungwa hapo. Jibu hilo lina haki yake, lakini halitoshi. Linahusu kile kilichoonyeshwa; halisemi lolote juu ya kile kilichofundishwa.

Makala haya yanachunguza mambo yote mawili, yaani fani na maudhui, kwa kutumia mfano mmoja mashuhuri: CSI: Crime Scene Investigation. Tamthilia hiyo, iliyobuniwa na Anthony Zuiker na kuwekwa katika mji wa Las Vegas, ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 6 Oktoba 2000 na kumalizika mwaka 2015. Ilizaa matawi ya Miami (2002-2012) na New York (2004-2013), na watazamaji wa lugha ya Kifaransa waliijua kwa jina la Les Experts. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba damu ni hatari ndogo. Hatari kubwa zaidi ni imani ambayo tamthilia hizi humpandikiza kijana, kwamba chombo cha maabara hakikosei na kwamba haki hupatikana upesi.

2. Fani: jicho la kamera na heshima ya marehemu

Tamthilia za aina hii hazikuanzia CSI. Kati ya mwaka 1976 na 1983, televisheni ya Marekani ilionyesha Quincy, M.E., ambamo Jack Klugman aliigiza daktari mpasuaji maiti anayefichua mauaji. Humo mtazamaji aliutazama uso wa daktari kuliko mwili uliolala mezani. Habari za maiti zilimfikia zaidi kwa maneno. CSI iliondoa pazia hilo. Kamera yake huifuata risasi mpaka ndani ya nyama, hupita katika mishipa na kutua juu ya mfupa uliovunjika. Mwanga umepangwa kwa ustadi, muziki unavutia, na jeraha huonyeshwa kama kito ndani ya sanduku la kioo. Hapa fani inafanya kazi isiyotangazwa: inamzoeza mtazamaji kuuona mwili wa mtu kama kitu.

Mhusika mmoja anastahili kutajwa. Katika kipindi cha kwanza, mwanagenzi Holly Gribbs anaripoti kazini, anashindwa kuvumilia chumba cha maiti, na kisha anapigwa risasi. Katika kipindi cha pili anafariki. Ni yeye aliyekipokea kifo jinsi kijana wa kawaida angekipokea, yaani kwa kichefuchefu, kwa hofu, na kwa kujiuliza kama kazi hiyo ni yake. Tamthilia ikamwondoa mapema, wakabaki wale waliokwisha kuzoea. Kijana anayetazama hujifunza, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba kushtuka mbele ya maiti ni udhaifu.

Malezi ya Waswahili na ya majirani zao hufundisha vingine. Maiti husitiriwa: huoshwa na watu wachache, hufunikwa, na mwenyewe hutajwa kwa jina la heshima, marehemu. Mtoto aliyeletwa matangani hafichwi kuwa kifo kipo. Hukatazwa kukikodolea macho. Kwa hiyo mzazi anayezima televisheni hapaswi kudharauliwa kuwa ni mtu wa kale asiyejua sanaa. Anatetea adabu yenye maana, hata kama hawezi kuieleza kwa istilahi za uhakiki.

Hata hivyo, upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa. Tamthilia hizi zimemwonyesha kijana watu wanaoheshimiwa kwa akili zao, wakiwamo wanawake wanaofanya kazi ya sayansi sawa na wanaume. Zimeonyesha udadisi, subira ya macho na umuhimu wa jambo dogo kama unyoya au chembe ya mchanga. Mwalimu wa kemia au wa biolojia anajua jinsi ilivyo vigumu kuamsha hamu hiyo darasani. Kuzilaani zote kwa sababu ya meza ya mpasuaji kungekuwa kumwaga uji kwa sababu ya unywele mmoja.

3. Maudhui: mzimu mpya

Gil Grissom, mtaalamu wa wadudu aliyeigizwa na William Petersen, huwahimiza wenzake waufuate ushahidi na wasiyategemee maneno ya watu. Watu husema uongo. Damu, unywele na alama za vidole husema kweli. Hiyo ndiyo dhamira kuu ya tamthilia nzima. Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi, lakini katika CSI huwa fupi kupita kiasi: haifiki hata saa moja, matangazo ya biashara yakiwamo.

Mambo yalivyo duniani ni tofauti. Baada ya mabomu ya treni mjini Madrid, tarehe 11 Machi 2004, wapelelezi wa FBI walitangaza kwamba alama ya kidole iliyopatikana Hispania ilikuwa ya wakili mmoja wa jimbo la Oregon. Wakili huyo alizuiliwa kwa muda wa wiki mbili hivi. Polisi wa Hispania walipomtambua mtu mwingine, FBI iliomba radhi, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ilikubali kumlipa dola milioni 2. Chombo hakikuwa na kosa. Waliokosea ni watu waliokisoma. Mwaka 2009, taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani ilitoa ripoti ndefu iliyoeleza kwamba, ukiacha uchunguzi wa vinasaba, hapakuwa na mbinu iliyothibitishwa kwa ukali wa kisayansi kuwa inaweza kuuhusisha ushahidi na mtu mmoja maalumu bila shaka. Ripoti hiyo ilitoka wakati CSI ikiwa bado inaonyeshwa, na wahusika wake waliendelea kusadiki.

Hapa inafaa kuikumbuka riwaya ya Mohamed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotolewa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, mwenye kiko chake mdomoni, hana maabara. Ana maswali, ana masikio, na ana ujasiri wa kutokubali maelezo ambayo kila mtu ameyakubali. Mahali panapoogopwa kwa ajili ya mzimu, yeye hutafuta mkono wa binadamu. Wahakiki wamezoea kusema kwamba Bwana Msa ni mtoto wa Sherlock Holmes, na ni kweli kwamba nasaba hiyo inaonekana. Lakini kilicho muhimu kwa kijana ni funzo lake: jambo linaloaminiwa na wote linaweza kuhojiwa na mmoja.

CSI, kwa maneno yake, inahubiri sayansi. Kwa matendo yake, inajenga mzimu mpya. Wahusika huingiza chembe ndani ya mashine, taa huwaka, na jina la mkosaji hutokea. Ni nadra kuona mtu akiuliza mashine ilijuaje, ilikosea mara ngapi, nani aliipima. Mtazamaji huombwa kuamini, kama vile watu walivyoombwa kuamini penye mzimu. Tofauti iliyopo ni ya mavazi tu. Ndiyo maana inaweza kusemwa kuwa riwaya ya mwaka 1960, isiyo na darubini hata moja, inamfundisha kijana tabia ya kisayansi kuliko tamthilia iliyojaa darubini.

4. Kazi yenyewe, ng'ambo ya ziwa

Kwa wasomaji wa Kongo, uchunguzi wa mifupa si ndoto ya Las Vegas. Mwanzoni mwa mwaka 1996, wataalamu waliotumwa kwa ajili ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao Arusha, walifukua kaburi la halaiki karibu na kanisa la Kibuye, juu ya Ziwa Kivu. Mmoja wao, Clea Koff, aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake, The Bone Woman, cha mwaka 2004. Kilichomo ni wiki nyingi za jembe na brashi, matope, miili iliyoshikamana, na nguo za marehemu zilizotandazwa ili walionusurika wazitazame na kuona kama watazitambua. Wengi wa marehemu hawakupata kurudishiwa majina yao. Hakuna taa iliyowaka, hakuna jina lililotokea lenyewe.

Uhusiano wa kazi hiyo na televisheni ni wa karibu kuliko inavyodhaniwa. Kathy Reichs, mtaalamu wa mifupa ambaye maisha na riwaya zake zilichochea tamthilia ya Bones (2005-2017), ni miongoni mwa waliotoa ushahidi mbele ya mahakama hiyo hiyo. Kwa hiyo jambo lililo zito kabisa katika historia ya Maziwa Makuu na burudani ya jioni vimepita katika mikono ya mtu mmoja. Lakini Bones ilibaki na vicheko na mahaba ya wahusika wakuu, na karibu kila kipindi kilimaliza kesi yake. Kilichoachwa nje ni ule muda mrefu, ule mgongo unaouma, na lile jibu lisilopatikana.

Hapo ndipo swali la vijana linapokuwa kubwa. Mashariki mwa Kongo kuna vijana waliokwisha kuona maiti halisi kabla ya kuona ya kuigizwa. Kwao maiti nzuri, safi, iliyoangaziwa taa, inaweza kuwa tusi au jeraha linalofunguliwa upya. Na ahadi ya kwamba kila muuaji hukamatwa kabla ya usiku wa manane ni ahadi ambayo maisha yao yameikanusha. Kwa kijana wa namna hiyo, umri ulioandikwa pembeni mwa kioo si kipimo.

5. Alama ya umri na kazi ya mkubwa

Nchi zinazotengeneza na kuonyesha tamthilia hizi zimeweka mipaka. Huko Marekani vipindi vingi vya CSI vilipewa alama ya TV-14, inayowatahadharisha wazazi wa watoto walio chini ya miaka 14. Ufaransa ilianzisha mfumo wa alama mwaka 1996, na leo hutumia -10, -12, -16 na -18. Uingereza hufuata desturi ya kuchelewesha mambo mazito mpaka baada ya saa 3 usiku. Mipango hiyo ni mizuri, lakini yote hutegemea mlango wenye mlinzi. Picha inayofika kwa setilaiti, kwa diski au kwa simu haijui saa wala mpaka wa nchi, na alama ya pembeni haina maana kwa mtoto aliyekaa peke yake.

Kutokana na yaliyoelezwa, hukumu moja kwa vijana wote haifai. Mtoto wa shule ya msingi hana la kupata katika chumba cha maiti, na ulezi wa kumkinga nacho hauhitaji kuombewa radhi. Kijana wa miaka 14 na kuendelea anaweza kutazama na kufaidika, kwa sharti kwamba pawepo mkubwa wa kuuliza yale ambayo tamthilia haiulizi: marehemu huyu alikuwa nani kabla ya kuwa maiti? Mashine hii ikikosea, nani atafungwa? Kwa nini mhusika aliyeogopa aliondolewa hadithini? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na siku hizi ulimwengu umo sebuleni.

6. Hitimisho

Kijana wa leo ndiye shahidi, mpelelezi na hakimu wa kesho. Akizoea kuamini kwamba chombo hakikosei, atamhukumu mwenzake kwa karatasi ya maabara bila ya kuuliza nani aliyeiandika. Akizoea kutazama maiti bila ya kumwona marehemu, ushahidi wenyewe hautakuwa na mwenyewe. Wasanii watakaoandika tamthilia za uchunguzi kwa Kiswahili wanayo nafasi ya kuunganisha mambo mawili yaliyotenganishwa na Las Vegas: shaka ya Bwana Msa na subira ya Kibuye. Tamthilia ya namna hiyo itakuwa na damu ndani yake, na pengine nyingi. Lakini itamfaa kijana, kwa kuwa itamwachia adabu mbele ya kifo na swali mbele ya mashine.